Watu 12 Ngezi: tutawaona ndege wote wanne wa Pemba?

Mkaazi_Kikwajuni
Assalaam alaikum. Tunatoka Unguja watu 12 kwenda msitu wa Ngezi, Pemba, siku mbili kutazama ndege. Tunawataka wale wanne wasiopatikana pahala pengine duniani: bundi mdogo, ninga (njiwa wa kijani), chozi na kinengenenge. Tuingie msituni saa ngapi, na sote pamoja? Wengi hawajawahi kushika darubini.

MtuWaKonde
Waalaikum salaam. 12 ni wengi mno. Njia ni nyembamba, mnakwenda mmoja nyuma ya mwenziwe. Wa mbele akisimama, wa nyuma anaona migongo. Gawikeni sita sita, kila kundi na mtembezaji wake, mpishane nusu saa.

Saa 12:30 asubuhi muwe getini. Ikifika saa 4 ndege wameshanyamaza, mnabaki na mbu. Kwa hiyo mkishuka bandari ya Mkoani msikimbilie msitu siku ile ile, Ngezi iko kaskazini kabisa. Laleni Wete, na gari mkodi mapema, la kurudi usiku pia.

Maana bundi ndiye anayeipanga safari. Huanza kulia baada ya magharibi, "hu" moja fupi, tena na tena; mara nyengine dume na jike wanajibizana. Ongeeni na wahifadhi kabla, usiku msiingie peke yenu. Mkifika kaeni kimya dakika kumi, tochi zimezimwa, mjue kwanza mlio unatokea wapi. Akikosekana huko, hata mashamba ya karafuu anakaa.

Upunga
Chozi na kinengenenge msiwapotezee asubuhi ya msituni, wamejaa mabustanini. Chozi mtafuteni kwenye upunga (maua) wa minazi. Dume ni kijani cha kung'aa, ila mkielekea jua mtamuona mweusi tu, kwa hiyo jua liwe mgongoni. Kinengenenge ni manjano, ana duara jeupe jichoni, huenda kwa makundi.

Ninga ndiye mtihani: kijani ndani ya majani, na hatikisiki. Tafuteni mtini au mkuyu uliozaa, msimame chini yake. Matunda yakidondoka na upepo hakuna, juu kuna mlaji (au tumbili, lakini tumbili hajifichi muda mrefu).

Darubini chukueni 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42), si 10x42. Gawa 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni ni duara la milimita 5.25, kwa 10 ni 4.2. Kwenye kiza cha msitu tofauti inaonekana, na mkono wa mgeni ukitetemeka picha haichezi sana. Dawa ya mbu yenye DEET (kemikali ya kufukuza wadudu) inakula plastiki na mpira: jipakeni, futeni viganja, ndipo mshike. Kiyoyozi cha gari kizimwe mapema, la sivyo lenzi zitaingia ukungu mkishuka tu.

Mkaazi_Kikwajuni
Shukran. Na tukimpigia bundi sauti yake kwa simu?

MtuWaKonde
Hapana, ndugu yangu. Dume anadhani kaingiliwa eneo lake, anaacha kuwinda aje kugombana na simu. Kundi la kesho likifanya hivyo hivyo, na la keshokutwa, atahama au atanyamaza.

Jengine: anayeelekeza aanze na shina. "Ule mvule, panda mpaka tawi la pili kulia, mwisho wa majani." "Pale, pale!" haimsaidii mtu, na ndege kesharuka. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, siafu wapo. Na kama ni masika, ahirisheni.