Lanchi ya wageni wenye watoto wadogo, nipike nini?

mama_wa_kisauni: Jamani Jumapili naja kutembelewa na familia mbili kutoka Nairobi, watoto wadogo tele, nataka lanchi ya kujiachia tu si mambo ya kukaa mezani kimya, nipike nini?

bimkubwa: Shoga tandika jamvi barazani, wali wa nazi na kuku wa kupaka basi. Vipande vya watoto wachomee mbali bila pilipili, na samaki waachie wakubwa, miba ile!

chuma_pwani: Biriani usijaribu, utashinda jikoni wageni waongee na ukuta 😂

bimkubwa: Kweli. Kuleni saa sita watoto walale, jua likipoa muwapeleke bustani ya Mama Ngina pale ufuoni Mombasa wakanywe madafu waone feri ya Likoni ikivuka, wa bara hawabanduki hapo

mama_wa_kisauni: Sawa, kuku basi. Na maji ya ukwaju