Mrejesho: Lile dungusi la maua mekundu la milima ya Sandia

Wakuu, niliuliza ni la aina gani dungusi (kaktasi) la maua mekundu nililolikuta kwenye miamba ya Sandia, New Mexico, Marekani. Ahsanteni sana, mmenifaa mno. Kilichosaidia ni ushauri wa kurudi usiku na tochi: maua hayakufumba! Petali zake ni nene, kama zimepakwa nta, na katikati kuna vincha vya kijani. Dalili hizo zinaonyesha ni jenasi ya dungusi iitwayo Echinocereus, kundi lile linalochavushwa na ndege kolibri (ndege wadogo wanaofyonza nekta). Spishi ndiyo imenishinda. Spishi mbili za kundi hilo, triglochidiatus na coccineus, zinafanana mno. Kupima miiba kwa rula, kama nilivyoshauriwa, hakukutoa jibu. Kinachozitenganisha kwa uhakika ni idadi ya kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), ambazo coccineus anazo maradufu. Sikuchuma hata ua moja.