Mali kauli inatumaliza wachoraji wa Bagamoyo: nimetoa picha 11, nimelipwa moja

Wakuu, salaam kwenu. Mnivumilie, uzi ni mrefu na ninauandika nikiwa na hasira ya miezi mitano.

Mimi ni mchoraji, naishi Bagamoyo, kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa. Natumia rangi ya mafuta, ile ya makopo wanayopakia milango na baiskeli, juu ya kitambaa ninachokiwamba mwenyewe kwenye fremu. Sina kazi nyingine. Kodi ya chumba, ada za watoto wawili, dawa za presha za baba, vyote vinatoka kwenye burashi.

Mwezi wa sita, kabla msimu wa wageni haujachanganya, nilipeleka picha 11 kwenye duka la vinyago na picha lililo ndani ya hoteli moja ya ufukweni. Jina siliandiki hapa. Makubaliano yalikuwa ya mali kauli. Kwa msiojua biashara yetu ilivyo: unaacha mzigo, mwenye duka hakupi hata mia, unamtajia bei yako, yeye anaweka ya kwake juu, picha ikitoka ndipo anakulipa. Ikikaa mwaka mzima ukutani, hasara ni yako. Ikipigwa na unyevu wa bahari ikaota ukungu, hasara ni yako. Ndogo niliziandikia 70,000, kubwa 150,000. Kila moja niliiingiza kwenye daftari, ukubwa wake na bei yake, nikazipiga picha kwa simu na kumtumia msimamizi wa duka WhatsApp. Akajibu, "Poa, nimepokea zote."

Mwezi wa saba nikapita. Hali ngumu, njoo mwezi ujao. Mwezi wa nane nikapita, nikahesabu ukutani, nikakuta ziko saba. Nikauliza nne ziko wapi. Zimehamishiwa duka letu lingine. Lipi? Bosi ndiye anajua. Bosi yuko wapi? Amesafiri. Mwezi wa kumi zimebaki nne. Tatu wamekiri zimeuzwa, na katika hizo tatu nimelipwa moja, 70,000, tena kwa mafungu mawili: 40,000 halafu wiki mbili baadaye 30,000, kama mtu anayenisaidia. Zile nne zilizohamishwa hakuna anayetaka hata kuzitaja.

Hapo bado nilikuwa mpole. Nilijiambia ni ubabaishaji tu, tumeuzoea.

Kilichonitoa machozi ni wiki mbili zilizopita. Jamaa yangu anayetembeza wageni alikuwa Unguja, akaingia dukani na kundi lake, akanitumia picha kwenye simu: "Hii si kazi yako?" Ni yangu. Ni ile kubwa ya mama muuza samaki. Nilifanya siku tisa ile picha. Nilianza alfajiri kule soko la samaki, nikachora kwa penseli wakati wanakaanga, nikarudi nyumbani, nikawamba kitambaa, nikapaka rangi nyeupe ya chini mara mbili, halafu tabaka kwa tabaka, na rangi ya mafuta haiharakishwi. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza haijakauka inavurugika, unaanza upya. Yule mama ana ungo kichwani, mtoto ameshika pindo la kanga yake, kuna kuku mweusi karibu na mguu, na kanga ni nyekundu imeandikwa WEMA HAUOZI. Ile kanga ilikuwa ya mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Niliichora nikiwa nimeitandika mezani mbele yangu.

Ilikuwa na kibandiko cha 480,000. Chini kulia, mahali pa saini yangu, wamepaka madoa ya kijani kama majani, na juu ya hayo majani kuna jina la mtu mwingine kwa rangi nyeupe.

Kuchelewesha pesa ni jambo moja. Mtu kuchukua burashi akakufuta kwenye kazi yako ni jambo lingine kabisa, na sijui nililinganishe na nini.

Nilirudi kwenye lile duka siku hiyohiyo. Mnajua nilichoulizwa? "Kwani hiyo kazi umeisajili?" Nikasema sijasajili. "Basi huna haki nayo." Wakuu, huu ni uongo, na kila msanii anayesoma hapa aushike. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sanaa tangu inapokamilika mikononi mwako. Kusajili kunakusaidia kuthibitisha, lakini haki inazaliwa na kazi yenyewe. Inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Na sheria hiyohiyo inakupa haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeitengeneza, hata kama umekwishaiuza. Aliyenunua picha amenunua picha. Jina langu sikuliuza.

Nikaenda ofisi moja ya umma kueleza shida yangu. Wakaniuliza mkataba uko wapi. Sina mkataba, nina daftari na meseji. Wakaniambia siku nyingine niwe mwangalifu.

Na msidhani ni mimi tu. Kuna mzee hapa mtaani anachonga ngoma tangu sijazaliwa. Gogo anatafuta mwenyewe, analitoboa kwa patasi na tezo, anasubiri mti ukauke kivulini wiki kadhaa usije ukapasuka, ndipo anawamba ngozi. Ngoma yake ukiipiga kidole kimoja inaitika. Dalali anakuja kutoka Dar anamlipa 45,000, na ngoma hiyohiyo nimeiona dukani ikiuzwa mara nne ya hapo, na muuzaji anamwambia mgeni kwamba imetengenezwa na "kabila la porini". Kabila gani la porini? Imetengenezwa na mzee anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana namba ya simu, ana jina.

Wachezaji ngoma nao wana yao. Mwaka huu kundi moja la vijana liliitwa kumpokea mgeni rasmi. Waliambiwa wawe uwanjani saa mbili asubuhi. Wamevaa njuga, wamejipaka, hawana hata mwamvuli. Mgeni kafika saa saba na nusu. Wakacheza kama dakika tano, mshereheshaji akakata muziki kwa sababu ratiba imebana. Malipo: soda na nauli ya bodaboda. Mmoja wao ni binti anayenyonyesha, mtoto alishikwa na shangazi yake chini ya mti saa zote hizo. Yule aliyefunga maturubai alilipwa. Aliyeleta spika alilipwa, tena malipo ya awali kabla hajashusha hata waya. Mpishi alilipwa. Msanii peke yake ndiye anaambiwa "tunakutangaza".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ndiyo Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa mwaka 1981, ndicho hiki tunachokiita TaSUBa leo, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha la kila mwaka lilianza 1982. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyepeleka ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze mpaka Ulaya, aliishi hapa, akafundisha hapa, akafia hapa mwaka 2003. Mabango ya utalii yamejaa ngoma na vinyago. Jina la mji linauzwa kwa jasho letu, halafu mchoraji akifa tunapitisha daftari la mchango kununua sanda. Nimeshika daftari hilo mara mbili kwa mikono yangu, kwa watu ambao kazi zao zimetundikwa kwenye kumbi za mikutano.

Angalieni wenzetu wa Tingatinga, wale wachoraji wa Dar. Edward Saidi Tingatinga alianzia nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, anachora kwenye hadibodi, akapigwa risasi na polisi kwa bahati mbaya mwaka 1972 akiwa ndio kwanza jina linakua. Wanafunzi na ndugu zake wangeweza kutawanyika kila mtu na dalali wake. Waliendelea kukaa pamoja, na mwaka 1990 wakaandikisha ushirika. Mgeni anafika anamkuta mchoraji mwenyewe amekaa chini na burashi, anaona jina, analipa. Kuiga mtindo wao kumejaa nchi nzima, hilo nalijua, na wao wana malalamiko yao. Lakini wana pa kusimama. Sisi kila mmoja anabisha hodi hotelini peke yake, na akikataa masharti, nyuma yake kuna wenzake watano wanaosubiri kuyakubali. Nikiwemo mimi miaka yote hii. Nilikubali masharti mabaya kwa sababu niliogopa jirani yangu atayakubali kabla yangu.

NYONGEZA: Naona kuna mkuu ameuliza kwa nini nisiuze mwenyewe mtandaoni. Nauza, mkuu. Mteja wa nje akitaka picha, gharama ya kuituma mara nyingi inazidi picha yenyewe, anaghairi. Wa ndani wananitumia picha ya kazi ya mtu mwingine, wananiambia nichore hiyohiyo kwa 30,000.

NYONGEZA 2: Kuna mwanasheria amenifuata faragha, asante sana ndugu. Ameniambia mkataba wa mdomo nao ni mkataba kwa sheria zetu, na zile meseji za WhatsApp zinakubalika kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kwa hiyo lile neno "Poa, nimepokea zote" nimelihifadhi mahali patatu. Wasanii wenzangu, msifute meseji zenu.

Jumatatu saa tatu asubuhi naenda kuchukua zile nne zilizobaki ukutani. Siendi peke yangu. Tumeongea wachoraji sita, wote tuna mzigo kwenye maduka ya namna hiyo, tutazunguka duka kwa duka, kila mmoja na daftari lake, na hatuachi tena picha bila karatasi iliyosainiwa na angalau nusu ya bei mkononi. Kama wewe ni mchoraji wa hapa na unataka kuwa wa saba, niandikie leo.

Na yeyote aliye Unguja akiona picha ya mama muuza samaki, kanga nyekundu, kuku mweusi mguuni, aangalie chini kulia. Akisogea kwenye mwanga kwa upande, ile rangi ya kijani imevimba kidogo, na herufi zangu bado zinaonekana chini yake. Naomba anipigie picha pembe hiyo na risiti ya duka kama itapatikana.