Naomba ushauri: Tesla Model Y kuvutwa nyuma ya RV, muuzaji anasema "weka nyutro tu"

Nesi_Mhamaji

Habari za saa hizi wadau. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijatoa hela.

Mimi ni nesi, niko Texas. Mwezi ujao naanza mikataba ya kuzunguka, ile ya wiki 13 hospitali hii, ukimaliza unahamia jimbo jingine. Kupanga apartimenti yenye fanicha kwa miezi mitatu mitatu ni kukamuliwa, kwa hiyo mimi na mume wangu tumeamua kununua RV iliyotumika, hizi gari-nyumba za Class C, futi 31, chasi ya Ford E-450. Mume ni dereva wa lori la masafa, nyumbani anapita tu kama mgeni, ina maana safari nyingi za kuhama nitakuwa peke yangu na mwanangu wa miaka tisa.

Tatizo ni gari. Nina Model Y Long Range ya 2022, deni limeisha, naipenda. Siwezi kwenda zamu ya usiku na jumba la futi 31, lazima niwe na gari dogo. Muuzaji wa RV kaniambia nisihangaike: nafunga chuma mbele ya Tesla, naweka nyutro, tairi zote nne chini, naondoka, eti wastaafu wote ndivyo wanavyofanya. Akaongeza kwamba betri itakuwa inajichaji njiani. Mume aliguna tu.

Je, anayosema ni kweli? Kama si kweli, niuze Model Y nitafute gari la petroli, au kuna njia? Na umeme wa kambini unatosha nyumba na gari kwa pamoja? Natanguliza shukrani.

Fundi_Kilowati

Dada, usithubutu.

Hao wastaafu unaowaona wanakokota Jeep Wrangler na mfano wake. Wrangler ina boksi la kugawa nguvu lenye nyutro yake, ukiiweka hapo tairi zinazunguka na gia haina habari. Tesla haina cha kuachanisha. Kati ya tairi na mota kuna gia moja tu, meno yameshikana muda wote. Hiyo N unayoiona kwenye skrini ni kompyuta kuamua kutopeleka umeme, basi.

Sasa Model Y yako ina mota mbili, na ya nyuma ina sumaku za kudumu. Ukiizungusha kwa maili 65 kwa saa inageuka jenereta utake usitake. Umeme unazalishwa wakati gari limelala na mfumo wa kupoza haufanyi kazi yake, joto linapanda, na bili ya kinachoungua hapo utaisimulia mpaka uzeeni. Kitabu cha Tesla kinasema gari libebwe tairi zote nne zikiwa juu. Uharibifu wa kulikokota tairi zikiwa chini hauko kwenye waranti. Fungua kwenye skrini ya gari lako sasa hivi, sehemu ya usafirishaji, usome mwenyewe.

Kabla hujauliza kuhusu doli, kile kitrela cha tairi mbili kinachoinua upande wa mbele tu: hakikufai pia, kwa sababu yako inasukuma tairi zote nne. Mwenye Nissan Leaf anaweza, maana Leaf inavutwa na tairi za mbele. Zikiwa juu ya doli, za nyuma zinajizungukia tu.

Kamaa_Minnesota

Lakini bana kuna jamaa nimeona video yake akivuta Tesla kwa kamba na betri ikapanda kweli. Si hiyo ni stima ya bure?

Fundi_Kilowati

Kupanda inapanda, kaka. Bure ndiyo haipo. Umeme ule unatoka kwenye tangi la petroli la gari linalovuta. RV ya dada ina injini kubwa ya V8 au V10, inakunywa galoni moja kwa maili nane mpaka kumi ikiwa haivuti kitu. Ukiifungia gari linalopiga breki safari nzima, unachoma petroli ghali kutengeneza umeme ambao soketi ya ukutani ingekupa kwa bei ya soda. Na yule wa video alivuta kilomita chache, hakutoka Houston kwenda Denver.

Chizi_wa_Mbagala

Nyie mnateseka kwa raha zenu. Huku gari likizima tunafunga kamba ya katani, mmoja anashika usukani, mwingine anavuta, tunafika.

Fundi_Kilowati

@Chizi_wa_Mbagala endelea hivyo hivyo na Corolla yako. Ila ukimwona jirani ana Leaf iliyoshushwa bandarini kutoka Japani, usimsaidie kwa kamba. Waite breakdauni ya kubeba.

Pauni_kwa_Pauni

Naendesha semi, nitaongea lugha ya shemeji. Wengi watakwambia "nunua trela la kubebea gari, mambo yamekwisha". Piga hesabu kwanza.

Model Y Long Range ina takriban pauni 4,400. Trela la wazi la chuma la kubeba gari ni kama pauni 2,000. Jumla 6,400, bado hujaweka mikanda na sanduku la vifaa. Sasa toka nje, inama nyuma ya hiyo RV usome kibandiko kwenye chuma cha kufungia trela. Class C nyingi zimeandikwa 5,000, nyingine 7,500. Ikiwa ni 5,000, mjadala umekwisha hapo hapo, na usikubali mtu akwambie atakuwekea chuma kinene zaidi. Kiwango anachoweka mtengenezaji kinaangalia chasi nzima. Zile fremu za Class C hurefushwa nyuma ili nyumba ienee, na hapo ndipo udhaifu ulipo.

Ikiwa ni 7,500 bado hujapona. E-450 yenyewe ikiwa na kila kitu ndani isizidi pauni 14,500, na ikiunganishwa na inachovuta isizidi 22,000. Maji, gesi, friji iliyojaa, baiskeli ya mtoto, vyote vinahesabika. Halafu trela linaegemeza asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kwenye ndoano, yaani hapa ni pauni 640 mpaka 960, nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Mbele kunanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi. Mteremko wa Colorado na usukani mwepesi sikutakii, dada.

Trela la aluminiamu linaokoa pauni mia tano hivi, bei yake sasa. Na trela lenye mzigo huo lazima liwe na breki zake, majimbo mengi yanadai kuanzia pauni 3,000. Mwambie shemeji aipeleke RV kwenye mzani wa CAT pale malori yanapojazia mafuta, ipimwe ikiwa imejaa. Yeye anaijua ile karatasi.

Shangazi_wa_Kambini

Mimi na mzee wangu tunazunguka na Class A ya dizeli, zile gari-nyumba kubwa kama basi, na Tesla Model 3 juu ya trela, kwa hiyo uzito kwetu si tatizo. Hesabu kaka hapo juu kamaliza. Mimi nakupa yale ambayo hakuna muuzaji anayeyataja.

Kwanza, mlango. Trela nyingi zina bawa la chuma juu ya tairi, na ukishapandisha gari mlango wa dereva unagonga hilo bawa. Unabaki ndani kama kuku kwenye tenga. Tafuta trela ambalo bawa la upande wa dereva linalala chini au linachomoka. Wapo wanaosimama nje na kuipandisha kwa simu, ile Summon ya gari kujisogeza lenyewe bila dereva. Mzee wangu alijaribu, mimi niligeuza uso.

Pili, kufunga. Mikanda inapita juu ya tairi, kila tairi na wake, mbele na nyuma, pointi nane. Usifunge kwenye mikono ya chini ya gari. Betri imelala chini pale, ndoano ikiteleza umetoboa nyumba ya betri. Ukishaendesha maili chache simama sehemu salama uikaze tena, kwa sababu tairi hujituliza na mkanda unalegea. Zima Sentry, zile kamera za ulinzi za Tesla, kabla hujaondoka, la sivyo gari litakesha likirekodi kila lori linalopita, na betri inakwenda kama asilimia moja kila saa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwako: kazi hiyo ukiwa mwenyewe, mvua inanyesha, mtoto ana njaa, na kesho saa moja kuna mafunzo ya hospitali mpya. Sisi ni wawili tumestaafu na bado tunagombana. Ukifika kambini, trela lenyewe linataka pa kulala. Kambi nyingi hazina nafasi, zinakupangia uwanja wa nyuma kwa ada.

Gari dogo lakini usiliache. Kule hifadhi ya Glacier, Montana, barabara ya Going-to-the-Sun, chochote kinachozidi futi 21 hakiruhusiwi kukatiza mlima. Hata hifadhi ya Big Bend hapo kwenu Texas, RV iliyozidi futi 24 wanakushauri usishuke nayo bonde la Chisos. Bila gari dogo uzuri wote unausikia kwa wenzio.

Kamaa_Minnesota

Sasa si Model Y ndiyo ivute nyumba? Si inavuta pauni 3,500?

Pauni_kwa_Pauni

Ikiwa imewekewa ndoano ya Tesla, ndiyo. Ila nyumba ya pauni 3,500 ni ya wikendi, siyo ya mama na mtoto kwa wiki 13. Na masafa ya betri yanakatika karibu nusu, halafu kwenye vituo vingi vya kuchaji lazima ufungue trela uliache pembeni ndipo uingie.

Mzee_Kombo

Mwanangu, nimesoma yote na hakuna aliyekuuliza swali la kwanza. Utahama mara ngapi kwa mwaka?

Wiki 13 maana yake ni mara nne, na ukiongezewa mkataba hata mbili. Wastaafu wanahama kila wiki, ndiyo maana wananunua vyuma vya kukokotea. Wewe unataka kununua injini ya V8 ili isimame miezi mitatu, ikimbie siku mbili, isimame tena. Gari la kusimama linaoza: petroli inachacha kwenye tangi, tairi zinalala upande mmoja, jenereta inataka kuwashwa kila mwezi ikiwa na mzigo. Utalipia bima ya gari kubwa na matengenezo yake kwa ajili ya siku chache barabarani.

Nunua nyumba isiyo na injini, trela la kuishi la futi 28 hivi. Kila ukihama, mlipe mtu mwenye pikapu kubwa akuhamishie. Wapo wenye leseni na bima ambao kazi yao ni hiyo, wanatoza kwa maili. Wewe na mjukuu wangu mnaingia kwenye Tesla, mnachaji njiani, mnafika mmepumzika, nyumba inakuja. Hakuna cha kuvuta, hakuna cha kupandisha juu ya trela. Siku mume akipata likizo mkikubaliana, kodini pikapu aivute yeye.

Ukiwa bado unaitaka Class C, basi mume apange likizo zake na tarehe za mikataba, yeye RV, wewe Tesla nyuma yake.

Mengine mawili. Kambi nyingi za kukaa kwa mwezi hazipokei RV iliyozidi miaka 10, kwa hiyo angalia mwaka wa kutengenezwa kabla ya kuangalia bei. Na mtafute mhasibu anayeelewa manesi wa kuzunguka. Mkiachia nyumba yenu ya Texas kabisa, ile posho ya makazi mnayoiona haina kodi inaweza kuhesabiwa ina kodi.

Nesi_Mhamaji

Shikamoo Mzee Kombo. Shangazi, Fundi, nyote asanteni.

Nimetoka kuinama nyuma ya RV sasa hivi. 5,000. Nimempigia muuzaji nikamuuliza kuhusu kile kibandiko, akasema "hiyo ni tahadhari tu ya wanasheria". Nimemshukuru nikakata simu. Mume amecheka mpaka akaegesha lori.

Wazo la trela la kuishi na kulipa mtu wa kuhamisha sikuwahi kulifikiria, tumeanza kutafuta bei leo. La posho limenishtua, nampigia mhasibu Jumatatu. Limebaki la umeme. Hospitali ya kwanza iko maili kumi kutoka kambini.

Shangazi_wa_Kambini

Marahaba ya mzee nimeichukua mimi kidogo.

Umeme kwako ni rahisi. Nguzo ya kambini ikiwa kamili ina soketi tatu: ya ampea 50, ya 30, na ile ya kawaida ya 20. Trela la saizi hiyo mara nyingi linatumia ya 30. Ina maana ya 50 inabaki wazi, na chaja ya kubebeka ya Tesla yenye plagi ya 14-50, ile inayoingia soketi ya ampea 50, inavuta ampea 32 kwa volti 240, karibu kilowati 7.7. Gari linajaa usiku mmoja.

Lakini maili 20 kwa siku huhitaji hata hiyo. Soketi ya kawaida ya volti 120 inakupa maili mbili au tatu kila saa. Ukitoka zamu ya usiku, chomeka, lala, ukiamka iko tayari.

Ukichukua nyumba ya ampea 50, gari litumie hiyo ya kawaida. Usidanganyike na adapta ya kugeuza soketi ya 30 ionekane ya 50. Ile ya 30 ni volti 120 peke yake, chaja inadhani imepata ya 50, inavuta ampea 32, swichi inaruka, au mbaya zaidi hairuki na plagi inayeyuka. Mimi plagi naigusa kwa mkono baada ya nusu saa. Ya vuguvugu sawa, ya moto naichomoa.

Na piga simu kambini kabla hujalipa mwezi, uwaambie waziwazi una gari la umeme. Kwa wakaaji wa mwezi wengi wana mita, unalipa unachotumia. Wengine wanaongeza ada, wengine wamekataza kabisa kwa sababu nyaya zao ni za zamani.

Fundi_Kilowati

Naongezea: majira ya baridi hiyo volti 120 inaweza kuishia kupasha betri moto tu bila maili hata moja kuingia. Mkataba ukiwa wa kaskazini kuanzia Novemba, dai nafasi yenye soketi ya 50.

Nesi_Mhamaji

Mkataba wa pili ni Duluth, kaskazini kabisa Minnesota, Januari. Nadai.