Ukoo wa Dani (Bibi) Turfosa: Safari ya Akinyi

JUMATATU

Shangazi Rosalia, 19:05
Hamjambo nyote. Tafadhali someni ujumbe huu hadi mwisho kabla ya kuandika lolote. Leo nimempeleka Akinyi kliniki hapa Ahero. Mimba imefikia wiki ya 29, lakini muuguzi alipompima kwa utepe, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, alipata sentimita 24. Akarudia, akapata vilevile. Kwa umri huo sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, zikizidi au kupungua mbili tatu hivi. Ameandikiwa rufaa ya kwenda Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, kupigwa picha ya ultrasaundi, nasi tutakwenda Alhamisi. Nahitaji gari, mtu wa kufuatana nasi, na mchango. Ochieng', wewe ndiwe mwenye mke. Jibu wa kwanza.

Otis, 19:21
Shangazi, kabla ya gari tumkumbuke baba wa mtoto. Ochieng' akiwa darasa la nane alikuwa akipanda kiti ndipo afute ubao. Huyo mtoto anamfuata babake.

Mercy, 19:22
Na kaptula ya shule ilikuwa ikimfika kwenye vifundo! 😂😂

Shangazi Rosalia, 19:24
Sijaitisha kikao cha vichekesho. Awino, wewe uko wodi ya wazazi kila siku, waeleze.

Awino, 19:50
Otis ametania, ila swali hilo huulizwa hata hospitalini, kwa kuwa wapo watoto wadogo walio wazima kabisa, waliorithi umbo la wazazi wao. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi: atapigwa picha Alhamisi, kisha tena baada ya wiki mbili hivi, ili ionekane kama mtoto anaendelea kukua ama amekwama. Kinachonitia wasiwasi ni zile homa alizopata wakati wa mvua. Huku kwetu kando ya ziwa, vimelea vya malaria hujishika kwenye kondo la nyuma, na wakati mwingine damu ya kidoleni ikipimwa haionyeshi kitu. Chembe za kinga za mama hujazana pale kupambana navyo, na mchochota unaotokea, yaani ule uvimbe wa ndani wa mwili unaojitetea, hulifanya kondo lishindwe kumpitishia mtoto chakula na hewa ipasavyo. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi, kwa sababu mwili wa mama haujajifunza kuvikabili vimelea vya aina hiyo.

Baba Mkubwa Zakayo, 20:31
Mtoto mdogo ni njaa tu. Apewe maziwa na samaki. Nitatuma trei ya mayai.

Awino, 20:40
Mayai yatume, Baba Mkubwa, maana damu yake pia iko chini na anahitaji kula vizuri. Ila wewe umelima mpunga maisha yako yote, na unajua kwamba mfereji ukijaa matope, hata mto ufurike vipi, jaruba halipati maji. Hakuna dawa ya kumnenepesha mtoto akiwa tumboni. Kinachowezekana ni kutibu kilichosababisha, kuangalia damu inavyopita kwenye kitovu, kufuatilia presha ya mama, na kuamua mapema mtoto azaliwe lini na wapi.

Mercy, 20:44
Basi mimi nitamnunulia vidonge vya foliki vya miligramu 5, vile vya kuongeza damu.

Awino, 20:46
Usinunue, Mercy. Foliki nyingi kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP, ile dawa ya kuzuia malaria anayopewa kliniki. Kidonge anachopewa kule kina miligramu 0.4 pamoja na madini ya chuma, na hicho kinamtosha.

Shangazi Rosalia, 20:58
Kuhusu SP, nimekifungua kijitabu chake. Angeanza wiki ya 13 na kupewa kila mwezi, lakini imeandikwa mara moja tu. Na chandarua alichopewa kliniki nimekikuta kimefunika miche ya sukuma wiki, kimefungwa kwa kamba kwenye vijiti vinne. Nimekifungua, nikakifua, nikakitundika juu ya kitanda. Ochieng', umesoma?

Beril, 21:42
Mimi nimesoma yote. Yangu ilipokuwa hivi, hakuna aliyetafuta gari. Mliketi kwa Dani mkiulizana ni mwiko gani niliouvunja, na pesa zilizochangwa zikalipia hema. Nimemtumia Akinyi elfu moja kwenye simu yake mwenyewe, wala si kwa mhazini.

Shangazi Rosalia, 21:45
Beril, habari ya hema tulikwisha kuimaliza.

Beril, 21:46
Mliimaliza ninyi.

JUMANNE

Felix, 06:14
Ninaandika anavyosema Dani, neno kwa neno: "Nimesomewa yote. Neno la Beril lisijibiwe humu na mtu yeyote. Beril, njoo Jumapili tuketi wawili. Rosalia atakuja nikimwita. Akinyi asitajiwe chira, ile laana ya kuvunja mwiko, wala mwiko wenyewe na yeyote aliyezaliwa katika boma hili. Mbuzi wangu mweusi auzwe kesho. Ochieng' asiposema neno kabla ya jua kutua, nitafuatana na Akinyi mimi mwenyewe."

Baba Mkubwa Zakayo, 06:40
Tumesikia, Mama.

Otis, 06:52
Tumesikia, Dani.

Akinyi, 09:10
Asanteni. Da Awino, naomba kuuliza hapa hapa ili wote wasikie. Akizaliwa akiwa mdogo, ataishi?

Awino, 09:33
Wengi huishi, mdogo wangu, na ninawaona wakitoka wodini wamebebwa na mama zao. Mtoto aliye chini ya gramu 2,500 huhitaji joto la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, pamoja na maziwa yako na macho ya wahudumu, kwa hiyo hutajifungulia nyumbani. Kuanzia leo mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikikuuma sana na macho yakaona ukungu, usingoje Alhamisi. Nipigie hata saa nane usiku, na uondoke.

Ochieng', 13:27
Samahanini, nilikuwa safari ya Busia na simu ilizimika. Dani, usisafiri na miguu hiyo. Nimeomba ruhusa kazini, nami nitajibiwa kesho jioni.

Shangazi Rosalia, 13:30
Kesho jioni ni kuchelewa. Zakayo, gari lako?

Baba Mkubwa Zakayo, 15:02
Liko kwa fundi. Breki zitakuwa tayari Ijumaa.

Shangazi Rosalia, 15:05
Basi gari bado. Mchango umefika elfu tatu na mia tano bila mbuzi, na wengi mmesoma mkanyamaza.

Philip, 22:16
Ndiyo kwanza nafungua simu. Ni Alhamisi hii?

Shangazi Rosalia, 22:17
Ni hii, Philip. Una gari?