pH ya tanki la maji ya chumvi inashuka kila alfajiri, nifanyeje?

Kibua_wa_Dar
Wakuu, naombeni ushauri. Tanki la lita 200, maji ya chumvi, liko chumba chenye AC na madirisha hufungwa usiku kucha. Lina samaki klauni wawili, matumbawe laini, mawe, na mchanga wa matumbawe. Alfajiri pH 7.7, jioni 8.1. KH (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) 6.5, kalsiamu 410, chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 26. Dawa ya dukani ya kupandisha pH inafanya kazi saa chache, halafu inarudi palepale. Kuna aliyeniambia niongeze mchanga wa matumbawe. Nimsikilize?

MwambaHai
Usimsikilize, mkuu. Mchanga ule hauyeyuki kwa kiasi cha maana mpaka pH iwe chini ya 7.7 hivi, kwa hiyo hauwezi kukushikilia 8.1. Dawa nayo iweke kando.

Kushuka usiku ni kawaida. Taa zikiwaka, mwani unafyonza kabonidayoksaidi. Zikizimwa, kila kilicho hai humo kinaitoa tu, inageuka asidi ya kaboni. Tofauti ya 0.2 au 0.3 kati ya alfajiri na jioni haina neno. Yako ni 0.4, tena inaanzia chini.

Pima hivi alfajiri: chota maji lita moja, soma pH, toka nayo nje pamoja na pampu ya hewa na jiwe lake, puliza saa moja, soma tena. Chota lita nyingine, puliza palepale chumbani. Zote mbili zikipanda, tanki lenyewe halipumui: elekeza pampu ya mzunguko juu hadi uso wa maji uchemke. Ya nje ikipanda na ya chumbani ikagoma, tatizo ni hewa ya chumba. AC ya ukutani inazungusha hewa ileile mnayoipumua, haileti mpya.

Mzani_wa_Gramu
Naongezea upande wa KH, maana 6.5 ni ndogo. Ipeleke 8 hadi 9. Gramu 3 za sodiamu baikaboneti hupandisha KH kwa 1 katika lita 100. Ukitoa mawe na mchanga, maji yako halisi labda ni lita 170, kwa hiyo kufika 8.5 unahitaji gramu 10. Gawa siku mbili, gramu 5 kila siku, zikorogwe kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi. Usizidishe KH 1 kwa siku, matumbawe hayapendi kuruka.

Ila usitarajie miujiza: kwa hewa ileile, kutoka 6.5 hadi 8.5 kunakupa kama 0.1 tu ya pH. Ukitaka msukumo zaidi, tandaza baikaboneti hiyo kwenye trei, oka nyuzi 200 kwa saa moja. Inakuwa kaboneti. Pima gramu *kabla* ya kuoka, kwa sababu uzito hupungua zaidi ya theluthi lakini nguvu ya KH inabaki ileile. Mimina polepole kwenye mkondo mkali. Maji yakigeuka maziwa, umeharakisha na kalsiamu inaganda.

Beking pauda hapana, ina asidi ndani. Magadi ya sokoni pia hapana: yana uchafu na floraidi.

Chewa
Kabla ya yote hayo, kipimo chako kimesawazishwa kwa vimiminika gani? Wengi hutumia vya pH 4 na 7, wakati maji ya bahari yako upande wa pili. Tumia 7 na 10. Kama ni cha matone ya rangi, 7.8 na 8.0 huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Kibua_wa_Dar
Nimesawazisha kwa 7 na 10. Nimejaribu: nje imefika 8.0, chumbani imebaki 7.7. Vipi chokaa kwenye maji ya kujazia?

MwambaHai
Basi ni chumba. Chokaa iache kwanza. Ikimwagika yote kwa mpigo pH inapita 9 na samaki wanakufa. Una skima, kile kifaa kinachovuta hewa na kutoa uchafu kwa povu? Chukua mpira wa hewa wa skima, uutoe nje kupitia tundu la dirisha.

Kibua_wa_Dar
Ninayo. Dirisha liko mita nne.

Mzani_wa_Gramu
Kwa mita nne tumia mpira mnene kuliko tundu la skima, ukipunguza mwishoni tu. Mwembamba unakaba hewa, povu linapungua na unapoteza faida yote. Mdomo wa nje uelekee chini, ufunge wavu, ukae mbali na moshi wa jenereta. Siku ya kupuliza dawa ya mbu, chomoa mpira kwenye skima mpaka harufu iishe.