Mistari ya intaferomita inacheza kila lori likipita: springi zangu zina kasoro gani?

leza_kisumu
Habari wakuu. Maabara iko karibu na barabara ya Kisumu–Busia. Tunaunda intaferomita ya Michelson (chombo kinachogawa mwanga wa leza kwenye mikono miwili, vioo vikaurudisha uungane na kuchora mistari ya mwanga na giza), wanafunzi waelewe LIGO, vituo vya utafiti vya Marekani, inavyonasa mawimbi ya graviti. Leza ni ya heli-neoni, nanomita 632.8, mikono sentimita 30. Bamba ni granaiti ya kaunta, kilo 40, juu ya springi nne za jua kali zilizobonyea sentimita 1. Lori likipita, mistari inacheza kuliko ilipokuwa mezani bila springi! Mbona?

fundi_kondele
Springi ni ngumu mno. Ikibonyea sentimita 1 kwa uzito, masafa yake ya asili ni hezi 5 (mitikisiko 5 kwa sekunde), na lori hutikisa ardhi karibu na masafa hayohayo. Karibu na hezi 5 springi inakuza mtikisiko. Inaanza kuupunguza baada ya hezi 7 tu. Ukitaka hezi 1 kwa springi ya kawaida, lazima ibonyee sentimita 25. Tena chuma hakina breki, kikianza kucheza hakikomi upesi.

Toa springi, weka tyubu tatu za wilbaro kwa pembetatu. Jaza upepo kidogo kidogo mpaka bamba liinuke, kidole kipite chini yake. Usizidishe: tyubu iliyojaa sana ni kama jiwe. Mpira wenyewe unameza mtikisiko. Kisha laza simu juu ya bamba, fungua phyphox (programu ya simu inayopima mtikisiko), sukuma kwa kidole, hesabu mitikisiko kwa sekunde 10. Ikiwa 30, uko hezi 3.

mwalimu_nakuru
Kabla ya tyubu, mwalimu mwenzangu, vishikizo vya vioo vina urefu gani? Bamba likihama lote pamoja, mistari haijali. Inajali kioo kimoja kikisogea dhidi ya kingine: nanomita 316 tu, na mstari mzima umepita. Gonga kila kishikizo kwa kijiti cha kiberiti. Kile kinachotetemesha mistari kwa muda mrefu ndicho mgonjwa wako.

leza_kisumu
Ni fito za nati, sentimita 12. Cha mkono wa kulia kimepatikana na hatia. Je, nivining'inize vioo kama LIGO?

mwalimu_nakuru
Hapana, fupisha hadi sentimita 4 na utumie chuma kinene. LIGO wananing'iniza kwa sababu vioo vyao viko umbali wa kilomita 4, havina bamba moja la kuvishika. Kila kioo ni kilo 40, mwisho wa pendulo (uzito unaobembea kwenye uzi) nne zilizofuatana, na nyuzi za mwisho ni za kioo, unene wa milimita 0.4. Pendulo ya sentimita 25 ni hezi 1: kwenye hezi 10 inapitisha sehemu 1 kwa 100 ya mtikisiko, mbili zikifuatana 1 kwa 10,000. Lakini kwenye hezi 1 yenyewe inabembea ovyo, na wao huituliza kwa umeme. Wewe mistari itakukimbia.

Wanafunzi waonyeshe hivi: nati nzito kwenye uzi wa sentimita 25. Mkono ukienda polepole, nati inafuata. Ukitetemeka haraka, nati karibu inasimama. Halafu tikisa juu-chini: nati inatikisika vilevile. Ndiyo maana LIGO na Virgo, mwenzake wa Italia, huweka pia springi bapa za chuma.

fundi_kondele
Waya wa leza usivutike kutoka mezani hadi kwenye bamba. Uache ulegee, la sivyo mtikisiko utapanda kupitia huo. Funika yote kwa boksi, maana upepo wa feni nao husogeza mistari.